Nani Alimwua Bi Sauda

Chumba cha daktari wa meno kina harufu ya karafuu. Nimeishi Sydney karibu maisha yangu yote na sikuwahi kulijua hilo, kwa sababu mimi ni mtu wa kuwakimbia madaktari wa meno mpaka jino linikamate lenyewe. Mwezi uliopita lilinikamata. Nililala kwenye kile kiti chao pale Parramatta, taa usoni, binti wa watu akanidunga sindano, na wakati nangoja ganzi iingie nikaisikia harufu ikitoka kwenye kichupa alichokuwa akikifungua nyuma ya kichwa changu. Nikamkumbuka babu yangu.

Nisiseme nilishtuka. Mama alifariki miezi michache iliyopita, na tangu tumzike sijashtuka kwa lolote, wala sijalia. Watu walikuja na masufuria ya pilau, wakaniambia nijikaze, nami nikashindwa kuwaeleza kwamba nimekaza mno hata sijui pa kulegezea. Nafua nguo, nakwenda kazini, nalipia umeme. Ndani kumekufa ganzi. Yule binti aliponiuliza kama sasa mdomo hauhisi kitu, nusura nimjibu kwamba si mdomo tu.

Babu, baba yake mama, aliletwa kutoka Tanga nikiwa shule ya msingi, baada ya bibi kufariki na kukosekana mtu wa kukaa naye. Alikuja na jino bovu, gego la chini upande wa kushoto, na hakutaka liguswe na daktari yeyote wa nchi yoyote. Mama alikuwa akienda Cabramatta kununua nazi na kisamvu cha barafu, na kila safari alirudi na kichupa cha mafuta ya karafuu. Babu alichovya pamba, akaibana kwenye jino, akatulia. Baada ya hapo nusu ya mdomo wake ililala na maneno yakawa yanatokea ubavuni mwa kinywa. Nyumba yetu ya Toongabbie, nyuma ya stesheni, ilinuka karafuu mpaka mapazia. Wenzangu shuleni waliniuliza kwa nini sweta langu linanukia keki ya Krismasi.

Mimi nilikuwa kama watoto wengi wa huku, Kiswahili nakisikia, najibu Kiingereza. Babu alikijua Kiingereza vizuri sana na hakutaka kukitumia. Basi tukawa tunaongea kila mtu na lugha yake, kama majirani wanaosalimiana juu ya ua.

Siku aliyofika, sebule ilijaa wageni, watu wa Tanga, Mombasa na Unguja waliotawanyika katika mji huu. Walimpa mkono mmoja mmoja, wengine kwa mikono miwili, na kila aliyetoka alimnong'oneza mwenziwe, "Huyu ndiye yule mtunzi." Sasa mimi nilikuwa nalijua neno hilo, au nilidhani nalijua. Mama alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee. Karibu kila mama wa Kiafrika niliyemfahamu alikuwa akimtunza mzee wa mtu. Nikaelewa, bila kumwuliza yeyote, kwamba babu naye kazi yake ilikuwa kuosha wazee na kuwalisha, tena aliifanya kwa ustadi mkubwa mpaka watu wanasafiri kuja kumwona. Nilimwonea fahari. Nilimwangalia mikono nikaona ni laini, nikadhani ni kwa sababu ya zile glavu.

Hazikupita siku nyingi mambo yakaanza kwenda kombo. Babu aliacha jiko likiwaka. Alikwenda stesheni na kikoi chake na fulana, katika baridi, akawa anamwuliza kijana wa tiketi treni ya Korogwe inapita saa ngapi. Mama alikuwa amewaahidi ndugu zake kwenye simu, nikimsikia, kwamba baba yao hatatunzwa na watu baki. Kazini kwake walimwambia kwa upole kwamba nafasi ya babu kwenye nyumba yao ya wazee inaweza kupatikana, na kwamba hapo kwao angekuwa karibu naye. Mama alirudi nyumbani na sare yake, akakaa mezani.

"Nawatunza baba za watu," alisema, bila kuniangalia. "Halafu wangu nimweke kwenye foleni pamoja nao, aulizwe anataka chai au kahawa na mtu asiyejua hata jina lake."

"He'd have his own TV," nikasema.

Mama akaniambia nikaoge.

Aliyetuokoa ni Papa Amani. Alikuwa Mkongo, mtu wa Uvira, anakaa nyumba ya pili nyuma yetu, akifanya kazi ya usiku kwenye ghala moja huko Ingleburn. Asubuhi moja alimkuta babu njiani kuelekea stesheni, akamrudisha akiwa amemshika mkono. Mama alipofungua mlango, Papa Amani hakusalimia. Macho yake yalikuwa yametoka kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa kuulizwa amekitoa wapi.

"Mama Zuhura," akasema, "huyu muzee ananiambia ni yeye aliandikaka Kachero Mdoe. Ni kweli?"

"Ni kweli," mama akajibu.

Papa Amani akakaa chini kwenye ngazi ya mlango, na viatu vyake vya kazi.

Hadithi yake niliisikia baadaye mara nyingi. Alipokuwa kijana katika kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, palikuwa na kitabu kimoja kilichozunguka hema kwa hema. Hakikuwa na jalada. Kilikuwa Kitanzi cha Mkonge, cha babu yangu. Bi Sauda, mwenye nyumba ya wageni, anakutwa amekufa chumbani kwake na kamba ya katani shingoni. Kachero Mdoe, aliyekuwa na viatu vilivyotoboka na jino bovu, anatafuna karafuu moja baada ya nyingine, anapigwa na wahuni, anadanganywa na kila mtu, mpishi, daktari, karani wa reli, na mwishoni anawakusanya wote sebuleni. Anafungua mdomo. Na hapo kurasa zinakwisha.

"Mutu moja aliivutaka," Papa Amani alieleza. "Alichukua karatasi za mwisho, akafungia tumbako. Muuaji aliondokaka na moshi."

Papa Amani alijifunza Kiswahili cha pwani kwenye kitabu hicho. Alikuwa na Kiswahili chake cha Kongo, lakini akimnukuu Mdoe alibadilika kabisa, akasimama wima na kutamka kama mtu wa Ngamiani, kule Tanga: "Muuaji yumo humu chumbani, na jino linaniuma. Tusicheleweshane." Kisha akarudi kwenye lugha yake na kucheka.

Wakakubaliana na mama pale pale mlangoni. Mama akaomba zamu za mchana. Papa Amani akawa analala asubuhi baada ya kazi, halafu anakuja kukaa na babu mpaka mama arudi. Mama alipotaka kumlipa alikataa, akasema yeye ana swali lake moja tu kwa mzee, akishajibiwa atakuwa amelipwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na nililishika hilo. Nikaona kwamba siku babu atakapojibu, Papa Amani hatakuwa na sababu ya kuja, na babu atakwenda kule kwenye foleni ya chai na kahawa. Kwa hiyo nilikuwa nataka asijibu.

Nikitoka shule nilikuwa nawakuta mbele ya hita, viti vimeelekeana, kasuku weupe wakipiga kelele nje kwenye nyaya. Papa Amani alikuwa ameshamlisha, ameshambadilisha nguo kama imebidi. Halafu analeta swali lake.

"Muzee, ni nani aliuaka Bi Sauda?"

Sijui niielezeje sura ya babu katika dakika ile. Alikuwa amekaa kama nguo iliyotupwa kitini, na swali likija mgongo ulinyooka. Pamba ilitoka mdomoni. Macho yakamwendea Papa Amani, yakapungua ukubwa.

"Wewe unamshuku nani?"

"Mupishi."

"Taa zilipozimika mpishi alikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Nani alimwona?"

Papa Amani akajikuna kichwa. "Hakuna mutu."

"Basi usiseme alikuwa jikoni," babu alisema, na maneno yakitokea ubavuni. "Sema anadai alikuwa jikoni."

Siku moja alisema ni daktari. Siku nyingine ni karani wa reli. Siku nyingine ni yule yule mpishi aliyemtetea jana. Papa Amani alipokea kila jibu kwa mshangao uleule, akapiga paja, akasema kesho atalifikiria. Mimi nilikuwa nakula mkate wangu na kuhesabu kwamba tumepona leo.

Mpaka siku babu alipoulizwa akasema, "Mimi."

"Muzee?"

"Mimi ndiye niliyemwua. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyemfunga ile kamba."

Papa Amani akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilibaki na mkate mkononi. Hebu nifikirie kwa akili niliyokuwa nayo. Babu ni mtunzi. Alimtunza bibi mmoja mzee anayeitwa Sauda. Akamwua. Watu wote wa Tanga wanajua, ndiyo maana wanamnong'ona, na Papa Amani anakuja kila siku kumhoji kama polisi. Na sasa huyu mtunzi ndiye ninayeachiwa kila alasiri. Babu alikuwa na desturi ya kunimenyea chungwa, ganda moja refu lisilokatika. Siku hiyo alininyooshea kipande na nikaficha mikono. Alikiangalia kile kipande, akakila mwenyewe.

Siku kadhaa nilikataa chochote kilichopita mikononi mwake. Mwishowe nilimfuata mama jikoni, akikuna nazi, nikafunga mlango.

"Mum, Babu killed an old lady. At his work. He told Papa Amani and Papa Amani laughed."

"Kazi gani?"

"Kutunza," nikasema, na lilikuwa moja ya maneno machache ya Kiswahili niliyotamka mwaka ule. "He was a mtunzi."

Mama aliweka mbuzi ya nazi kando. Alianza kucheka polepole, halafu akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, machicha mikononi, na akacheka mpaka kicheko kikageuka sauti nyingine ambayo sikuipenda. Akajifuta kwa kiwiko. Akanivuta nikakaa naye.

"Mimi natunza," alisema. "Babu yako anatunga. Kutunga, kutunza, herufi moja tu, mwanangu. Lugha imekuchezea shere. Bi Sauda ni mtu wa kutunga. Babu alimtoa kichwani, akampa nyumba ya wageni, akampa maadui, akamwua."

"So who was looking after her?"

"Nani?"

"Bi Sauda."

Mama alifikiri. "Hakuna," akasema. "Ndiyo maana ilikuwa rahisi."

Nikamwuliza muuaji ni nani hasa. Alisema alikuwa mtoto kitabu kilipotoka, hakumbuki. Akasimama akaendelea kukuna nazi.

Kidogo kidogo alinieleza babu alikuwa nani. Alikuwa karani wa stesheni, akiandika hadithi zake mchana treni zinapochelewa, na treni zilichelewa sana. Makachero wa vitabu vya Kiswahili aliokuwa akiwasoma walizungumza kama walimu wakuu, suti imepigwa pasi, na uhalifu ukawasubiri wamalize chai. Mdoe hakuwa na chai. Alikuwa na njaa, aliogopa, alipigwa, na alisema maneno machache kwa sababu jino lilimuuma. Walimu waliwanyang'anya wanafunzi vitabu vile, wakasema ni lugha ya vijiweni, kisha wakagombania nani asome kwanza ofisini. Vinyozi walivikodisha. Vijana waliokuja kuandika upelelezi baada yake walianza kwa kumwiga, na wengine hawakuwahi kuacha. Mama alikuwa akimsomea rasimu kwa sauti, yeye akizungukazunguka chumbani, na kila palipotokea mtu analia babu alisema, "Kata. Niambie alifanya nini na mikono yake." Katika vitabu vyake vyote hakuna anayelia. Mjane anamenya chungwa. Baba wa maiti anafunga kamba za viatu.

Mhadhiri mmoja kijana alipiga simu kutoka Dar, anataka kumwalika mwanzilishi wa upelelezi wa namna hiyo azungumze na wanafunzi japo kwa simu. Babu alidhani ni mpangaji herufi wa zamani, akamgombeza kwa ajili ya koma zilizopotea. Yule kijana alishukuru sana.

Babu hakwenda kwenye nyumba ya wazee. Jibu halikupatikana, kwa hiyo Papa Amani aliendelea kuja, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia. Mwisho mwisho babu hakuwa na jibu hata la uongo. Aliulizwa ni nani aliyemwua Bi Sauda, mgongo ukanyooka kidogo, basi. Chungwa nililimenya mimi, na ganda langu lilikatika kila mara. Alifariki alasiri moja kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Papa Amani, mama yuko njiani anarudi kutoka kazini.

Mama hakulia mbele yangu. Alivikunja vikoi vyake vyote, akavikunjua, akavikunja upya. Tulipomzika kwenye makaburi ya Rookwood, Papa Amani, ambaye ni mtu wa kanisa, alisimama nyuma ya safu na kofia yake kifuani, akasubiri mpaka wote wameondoka, ndipo akashika koleo. Gazeti la nyumbani liliandika aya moja, likamwita mwanzilishi. Mama aliisoma, akarudi kuchambua mchele. Nikaona ndivyo inavyofanywa. Na zamu yake ilipofika, nami nimefua, nimefagia, nimepanga, kama mtu wa kitabu cha babu, na sisikii kitu.

Haya yote niliyawaza kwenye kile kiti. Nilipotoka sikurudi nyumbani. Nilipanda treni nikaenda Toongabbie, kwa sababu nilitaka kukaa na mtu anayeijua ile harufu, na amebaki mmoja.

Papa Amani amezeeka. Mgongo aliuacha kwenye lile ghala, mkewe ametangulia, watoto wako Melbourne. Alinifungulia mlango nikamwamkia na nusu mdomo, salamu ikatokea ubavuni, na yeye akashika mlango kwa kucheka.

"Unasema kama Muzee!"

Tulikunywa chai, yangu ikinimwagikia kidevuni. Nikamwambia, kwa kutafuta la kusema, kwamba pole, babu alikufa bila kumlipa. Miaka yote ile, na hakupata jibu lake.

"Jibu gani?"

"La Bi Sauda."

Akanitazama kama aliyekuwa anadhani najua. "Zuhura, mama yako aliniambiaka ile siku ya kwanza. Pale ku mlango. Ulikuwa umeingia kuchukua begi ya shule. Alisema, ni fulani, sasa unajua, hauna deni na sisi, unaweza kwenda."

"Na ukaendelea kuuliza?"

"Kumulisha, kumuosha, ile kila mutu anajua kufanya. Mama yako alijua kunipita." Akageuza kikombe chake. "Lakini kama haumuulize, anakuwa muzee tu. Ukimuuliza anakuwa mutunzi. Uliona mugongo yake?"

Nilisema niliuona.

"Njo maana."

Kitu kiliniuma, na haikuwa jino, kwa sababu jino lilikuwa bado limelala. Niliumia kwa ajili ya mama, aliyelijua jibu akaniambia pale jikoni, nazi mkononi, kwamba hakumbuki, ili swali liendelee kuishi. Nililia mezani kwa Papa Amani, na mdomo wa upande mmoja, vibaya, na yeye hakuniambia nijikaze. Alinisogezea taulo la vyombo.

Nilipotulia nikamwuliza. "Papa Amani, ni nani aliyemwua Bi Sauda?"

Alinyoosha mgongo, akakohoa. "Kuya Jumamosi. Nitakuambia."

Jumamosi nilikwenda na machungwa. Akaniambia, kwa uhakika wote, kwamba ni mpishi. Jumamosi iliyofuata nilimwuliza tena, kwa mzaha, akaniambia ni daktari, kwa uhakika uleule, na akashangaa nilipotabasamu. Juzi ilikuwa karani wa reli. Sijui kama ananitania au amesahau, na sijamwuliza hilo. Namwuliza lile lingine.